Unapochagua pa kustaafia, usiangalie kwa macho ya Lutu

Mama mmoja ninayemfahamu alifanya kazi Uingereza kwa miaka 28, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaogesha, akawalisha na kuwabadilisha nguo watu ambao watoto wao waliwatembelea mara moja kwa mwaka, wakati wa Krismasi. Mara nyingi ni yeye peke yake aliyewashika mkono walipokuwa wakikata roho. Akaapa kwamba yeye hatazeekea kule. Siku ya kustaafu ikifika, yeye na mumewe watarudi nyumbani Tanzania, kwenye jua na kwa watu wao.

Walirudi kweli. Kwa miaka kadhaa walikuwa wametuma fedha, wakajengewa nyumba nzuri ufukweni, upande wa Bagamoyo: vyumba vinne, baraza inayotazama bahari, minazi, upepo wa jioni. Picha za nyumba ile zilizunguka kwenye simu za ndugu na marafiki, na kila aliyeziona alisema Mungu amewabariki. Hakuna aliyeuliza swali moja dogo: majirani ni akina nani?

Majirani hawakuwepo. Viwanja vya kulia na kushoto vilikuwa vya watu wanaoishi kwingine, vimezungushiwa ukuta na geti limefungwa kufuli. Masika ya mwaka wa pili, saa nane usiku, baba alipata kiharusi. Mama alipiga simu kwa wadogo zake; mmoja yuko Mwanza, mwingine Mbeya. Aliyewasaidia ni mlinzi, kijana aliyekimbia kwenye tope hadi barabara kuu kutafuta bajaji. Baba alipona, ingawa mkono wa kushoto haujarudi sawasawa. Mama aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Nilidhani upweke ni ugonjwa wa nchi za baridi. Kumbe nimekuja nao, nikaujengea nyumba."

Mpendwa msomaji, jambo hili si la wanaorudi kutoka Ulaya peke yao. Hapa nchini mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Karibu kila mwezi tunahudhuria sherehe ya kumuaga mtu. Swali la "utakaa wapi?" hujibiwa haraka haraka, maana mkupuo ukishaingia benki kila mtu anakuwa mshauri. Mmoja anasema baki Dar es Salaam karibu na watoto. Mwingine anasema nenda Morogoro, treni ya SGR iliyoanza mwaka 2024 imeileta mlangoni. Mchagga anaitwa na kihamba chake, Mhaya anaitwa na kibanja. Aliyeko ughaibuni anaota bahari. Yote hayo ni halali. Hoja yangu leo ni kwamba tatizo letu haliko kwenye mahali tunapopachagua, bali kwenye macho tunayochagulia.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, kinatueleza habari za Lutu. Mifugo yake na ya Ibrahimu ilikuwa imezidi, wachungaji wakaanza kugombana, na Ibrahimu akampa mpwawe nafasi ya kuchagua kwanza. Lutu akaangalia, akaona bonde la Yordani limejaa maji na majani, akalichagua. Hakuuliza kuhusu watu. Maandiko yanaweka jambo hilo mbele yetu papo hapo: alisogeza hema yake mpaka Sodoma, na watu wa Sodoma walikuwa waovu. Sura ya 19 inamwonyesha mtu yuleyule akiwa mzee, amepoteza mke na mali, anaishi pangoni na binti zake wawili. Bonde lilikuwa zuri kweli. Macho yake hayakumdanganya kuhusu bonde. Yalimficha tu kila kitu kingine.

Simaanishi kwamba Mkristo asitumie macho. Yesu mwenyewe, katika Luka 14, anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hana budi kukaa chini kwanza na kupiga hesabu. Basi tupige hesabu. Nchi yetu ni kubwa na hali ya hewa si moja. Pwani na kaskazini kuna masika na vuli. Dodoma na nyanda za juu kusini mvua ni za msimu mmoja. Eneo linalopendeza Septemba unapokwenda kununua kiwanja linaweza kuwa kisiwa mwezi Aprili. Mtu aliyezoea joto la Dar es Salaam kwa miaka 35, akienda Njombe au Makete, baridi ya Juni na Julai itamshika magoti. Jiulize hospitali kubwa iko umbali gani. Aliyeko karibu na Moshi ana KCMC, wa Mwanza ana Bugando, wa Dodoma ana Benjamin Mkapa, wa Mbeya ana hospitali ya rufaa ya kanda. Mwenye kisukari au shinikizo la damu, aliyejenga saa nne kwa gari kutoka kwenye daktari, amejenga kwa imani ambayo Mungu hakumwomba.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mwepesi: usijenge kabla ya kuishi. Panga chumba hapo unapopatamani, kaa miezi mitatu, pamoja na kipindi cha mvua. Nenda kanisani Jumapili, uone kama kuna atakayekuuliza ulikuwa wapi Jumapili uliyokosa. Kodi ya miezi mitatu ni ndogo kuliko majuto ya nyumba isiyouzika.

Lakini hesabu kubwa zaidi ni ya watu, na hapa Biblia inatupa mtu mwingine aliyerudi kutoka ugenini. Naomi alikaa Moabu miaka kama kumi. Alirudi Betlehemu bila mume, bila watoto wa kiume, bila kitu cha kupigia picha. Ila alipoingia tu, mji mzima ulitaharuki kwa ajili yake na wanawake wakaulizana kama kweli ni yeye. Walimtambua. Alipowaambia uchungu wake, walimsikiliza. Na mwisho wa kitabu cha Ruthu, mtoto alipozaliwa, ni majirani wanawake waliompa jina, Obedi. Linganisha nyumba hizo mbili: ya vyumba vinne isiyo na jirani, na ile ya Naomi, ambako majirani wapo karibu kiasi cha kumpa jina mtoto wa nyumba hiyo. Ukiwa na miaka 75, utaitaka ipi?

Wapo watakaosema, basi jibu ni kijijini. Hapana, si lazima. Wengine nyumbani hakuna tena mtu. Wazazi wamelala kaburini na wenzao wote wametawanyika. Wengine wanaogopa kurudi, na tuseme wazi wanachoogopa: husuda na ushirikina. Mimi siwacheki. Ila nimeona mara nyingi kwamba hofu hiyo ina mama yake, na mama yake ni kutokuwepo. Mtu hakwenda kwao miaka 30 isipokuwa kwenye misiba, hakusomesha mtoto wa jirani, hakuchangia bati la kanisa. Siku moja anatokea na lori la saruji na ukuta wa futi nane. Watu hawamjui, naye hawajui. Hapo kila kikohozi kitakuwa uchawi. Ujirani haununuliwi kwa mkupuo. Unapandwa mapema kama mkahawa, na huvunwi mwaka uleule uliopandwa. Kama una miaka 45 leo na unataka kuzeekea kwenu, anza sasa kwenda, hata ukiwa mikono mitupu.

Wengine nao wataambiwa na watoto, "Baba, mama, njooni mjini tuwatunze." Ni maneno ya upendo. Mzee Barzilai, katika 2 Samweli 19, aliambiwa hivyohivyo na mfalme Daudi mwenyewe. Alikuwa amemlisha Daudi wakati wa shida, na sasa Daudi alitaka kumchukua Yerusalemu amtunze. Barzilai alikuwa na miaka 80. Alijijua. Hakutaka kuwa mzigo kwenye jumba la kifalme ambako chakula na nyimbo havikumpa ladha tena. Akamsindikiza mfalme hatua chache, akamkabidhi Kimhamu aende badala yake, akarudi kwenye mji wake, palipo na kaburi la baba na mama yake. Wale tuliolelewa kwenye vihamba, ambako makaburi ya babu yako katikati ya migomba, tunamwelewa mzee huyu bila mahubiri. Kukataa nyumba nzuri si kukosa shukrani. Kuna mzee anayekaa ghorofani kwa mwanawe Dar es Salaam, anakula vizuri, na tangu asubuhi hadi jioni anaongea na televisheni.

Sasa nina neno kwa wanaume wenzangu. Wengi wetu tumechagua pa kustaafia bila kumuuliza mke. Tunasema "tunarudi nyumbani", na nyumbani maana yake ni kwetu. Mama wa watu ametoka Songea, ameolewa Rombo, amefanya kazi Dar es Salaam maisha yake yote, halafu akiwa na miaka 58 anapelekwa kuanza upya kati ya mawifi na mashemeji. Na kwa kawaida sisi ndio tunaotangulia kufa. Tumeona mara ngapi mjane akiambiwa, arobaini haijatimia, kwamba nyumba ni ya ukoo? Mume aliyeomba kila jioni kabla ya chakula lakini hakuandika jina la mkewe kwenye hati, amemwachia Mungu kazi ambayo Mungu alimwachia yeye. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka hati ya hakimiliki ya kimila, na mume na mke wanaweza kuipata kwa majina yote mawili. Nenda ofisi ya kijiji ukiwa hai. Ruthu alimfuata Naomi kwa hiari yake, hakuburutwa. Asiyekubali kwa moyo wake asipelekwe, hata kama mwenye wazo ni kichwa cha nyumba.

Jambo la mwisho ni wito. Tunaongea juu ya kustaafu kana kwamba ni kusubiri basi la mwisho. Kalebu, katika Yoshua 14, alikuwa na miaka 85 alipokwenda kudai sehemu yake ya urithi. Hakuomba bonde. Aliomba mlima, nao ulikuwa bado na maadui, kwa sababu huko ndiko alikoona kazi yake haijaisha. Si kila mmoja wetu ana nguvu za Kalebu, lakini kila mmoja anaweza kuuliza: mahali hapa ninapotaka kuhamia, nitamfaa nani? Mwalimu mstaafu kwenye kijiji ambacho watoto wa darasa la nne hawajui kusoma ana kazi. Mhasibu mstaafu kwenye usharika ambao vitabu vya fedha vimevurugika ana kazi. Mtu anayehitajika ana sababu ya kuamka asubuhi, na akikosa kutokea siku mbili, kuna watakaokwenda kumgongea.

Na sisi makanisa tusinawe mikono. Tunamuaga mstaafu kwa kitenge, keki na wimbo wa kwaya, tukimaliza tunalifuta jina lake kwenye orodha ya wachangiaji wakubwa. Nani anampigia mchungaji wa kule aendako, kumwambia mzee fulani anakuja, mpokeeni kwenye jumuiya? Barua ya utambulisho tunaitoa kwa anayetaka kufunga ndoa. Anayekwenda kuzeeka anaihitaji zaidi.

Nirudi kwa yule mama. Nyumba ya ufukweni wameipangisha. Wao wamehamia Mbeya, anakoishi mdogo wake, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili isiyotazama kitu chochote zaidi ya ua wa jirani. Kila wiki jumuiya ina siku ya kusali sebuleni kwao. Na mama amepata kazi isiyo na mshahara: anawafundisha mabinti wa usharika jinsi ya kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumwumiza, na jinsi ya kumwogesha mzee bila kumwondolea heshima. Nilipomuuliza kuhusu hali ya hewa alicheka. Alisema amelikimbia baridi miaka 28, na sasa kila Julai anavaa tena koti lake la Uingereza. "Lakini mchungaji," akasema, "hapa mlango unagongwa."

Kama wewe ni mmoja wa wanaopiga hesabu hizi mwaka huu, leo baada ya ibada kaa na mwenza wako. Kabla hamjataja jina la mji wowote, andikeni kwenye karatasi majina ya watu watano ambao mkianguka usiku watakuja. Mkiyapata, angalieni wanaishi wapi. Msipoyapata, msinunue kiwanja bado. Anzeni kwa kutafuta majirani.

Bwana awaongoze katika kuchagua kwenu, na awape uzee wenye watu. Jumapili njema.