Kabla ya Kubishania Kasi, Tuulize Inafunguka Wapi

Kwenye vijiwe vyetu hapa chuoni ubishi wa lugha za programu hauishi. Wa C++ anasema yake ina kasi, wa Java anasema yake inaendeshwa popote, wa Python anawacheka wote kwa mistari yao mingi. Mimi nasomea ualimu, na nauliza kitu kingine: programu hiyo itamfikia mwanafunzi wa Bukombe?

Tuanze na kasi. Programu ya C++ hugeuzwa kabisa kuwa lugha ya mashine kabla ya kutumika, ndiyo maana inakimbia. Ya Python hutafsiriwa na programu nyingine wakati inaendeshwa, kwa hiyo kwenye mahesabu mazito huachwa mbali. Lakini mwalimu anayetafuta wastani wa wanafunzi 80 hataona tofauti. Zote zinamaliza kabla hajapepesa macho.

Kasi hiyo ina bei yake. Wachimbaji wadogo wa Geita watanielewa: karasha linasaga viroba vingi, lakini hulibebi begani kwenda duara jingine. Programu ya C++ iliyotengenezwa kwa Windows ya biti 64 haifunguki kwenye Windows ya biti 32, na kwenye simu ya Android ndiyo usahau. Kila aina ya mashine inadai itengenezewe yake. Java, iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1995, ilikuja kutibu tatizo hilo: programu moja iendeshwe popote palipo na mashine pepe ya Java. Ila hiyo mashine pepe lazima iwekwe kwanza. Python nayo hivyo hivyo.

TP yangu nilifanyia shule moja ya kata mkoani Geita. Kompyuta zilikuwa sita, kila moja na umri wake, na intaneti ilikuwa bando la mwalimu. Shuleni simu haziruhusiwi, lakini jioni nyumbani wengine wanashika simu janja ya mama au ya kaka. Simu hiyo tayari ina kivinjari, na kivinjari kinaelewa JavaScript. Zoezi la hesabu likiandikwa kwenye faili moja la HTML, linarushwa kwa Bluetooth na kufunguka bila bando.

Najua mtanijibu kwamba JavaScript ina vituko, ukijumlisha "1" na 1 inakupa 11. Kweli. Na mwenye kitochi bado tumemwacha, huyo apewe zamu ya kwanza kwenye kompyuta za shule. Hata hivyo, hakuna lugha nyingine inayotufikisha kwa wengi kwa gharama ndogo hivyo.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu wa sayansi ya kompyuta: mradi wenu wa mwisho ukiwa wa shule, ujaribuni kwenye kompyuta kuukuu na kwenye simu ya bei ndogo, data imezimwa. Ukifunguka hapo, sisi walimu tutaufikisha Bukombe, Kishapu na Nyang'hwale.