Kidonda kimekauka, mfupa bado

Mume wangu alifanyiwa upasuaji wa moyo wiki nne zilizopita. Kidonda kimekauka na sasa ameshika jembe. Nikimzuia, hununa na kusema namfanya mtoto. Nifanyeje?

Mwanangu, kilichokauka ni ngozi. Mfupa wa kifua uliokatwa kwa msumeno na kufungwa kwa waya huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Asilime, asibebe mtungi wala mtoto. Atembee kila siku, akiongeza mwendo kidogo kidogo. Akisikia mfupa ukicheza, akishikwa na homa au kidonda kikitoa maji, mpeleke hospitali mara moja. Usimkasirikie, wengi waliopasuliwa hupatwa na huzuni. Mwambie shamba halina miguu, litamngoja.