Gofu haitaki kifundo cha kuazima

Mfanyabiashara wa Butembo anayekwenda Kampala kufuata bidhaa hukutana na gofu bila kuitafuta, maana uwanja wa Kitante umelala katikati ya jiji. Musienene, kusini kidogo ya Butembo, mchezo huo hufika kwa simu tu. Na hapo kwenye simu ndipo wanaoanza wanapopotea, wawe Kampala, Nairobi au Kinshasa: wanasimamisha video ya bingwa fimbo ikiwa juu, kisha wanaiga kifundo chake cha mkono.

Kuiga huko hakuna faida. Dustin Johnson wa Marekani, mshindi wa US Open 2016 na Masters 2020, hufikisha fimbo juu akiwa amekunja kifundo cha kushoto kuelekea kiganjani, mpaka mtazamaji anajishika cha kwake. Ben Hogan, aliyenyakua mataji matatu makubwa mwaka 1953, alifanya kinyume kabisa. Mwaka 1955 alifichua katika jarida la Life kwamba siri yake ilikuwa kukikunja kifundo hicho upande wa mgongo wa mkono. Sasa mwanafunzi amfuate nani?

Asimfuate yeyote kabla hajajua kifundo kinafanya nini. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, kukunja kuelekea kiganjani huufunga uso wa fimbo, mpira ukaelekea kushoto; kukunja kinyume huufungua. Hogan alikuwa akisumbuliwa na mpira uliopinda kushoto, akaufungua uso makusudi. Wengi wanaoanza wana shida tofauti: wao mpira huwakatia kulia, na wakimwiga Hogan utakata zaidi. Johnson naye hugeuza kiuno na kifua upesi mno ili uso ule usifunge kupita kiasi. Anayeazima kifundo chake bila kiuno chake atatafuta mipira vichakani.

Kifundo pia hupanda kuelekea kidole gumba na kushuka kuelekea kidole kidogo, na humo mna sehemu kubwa ya kasi. Kule kupinduka kwa kiganja, ambako watu wengi hukuhesabu kuwa ni kazi ya kifundo, hutoka kwenye mifupa miwili iliyo kati yake na kiwiko.

Mkulima wa miteremko ya Musienene hahitaji kuelezwa sana. Jembe hupanda upande wa gumba, hushuka, na mkono ukipinduka kidogo tu bamba huingia ardhini kwa pembe, likachubua udongo badala ya kuupasua. Tofauti ni kwamba yeye huona kosa lake papo hapo. Uso wa fimbo hugusana na mpira kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hakuna jicho la kuufuata.

Kwa hiyo walimu wa vilabu wangeanza na mapigo mafupi, fimbo iishie usawa wa kiuno, mwanafunzi asimame hapo na autazame uso wa fimbo: umeangalia mbingu, au ukingo wake umeinama sambamba na mgongo wa mwanafunzi? Ukiangalia mbingu, uko wazi mno. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya na Uganda walianza wakiwa makedi, wakabeba mifuko ya wengine na kujifunza kwa kuangalia mpira unakokwenda. Simu hawakuwa nayo.