Majiko Yetu na Elimu ya Kujaribu

Aghalabu fundi afinyangaye kile chungu cha udongo kikaacho ndani ya jiko la mkaa, aonapo kimepasuka tanurini, huutuhumu udongo akaubadilisha. Kikipasuka tena huutuhumu moto akaupunguza. Na siku kikitoka kizima hudhani ameipata dawa, ilhali yamkini siku hiyo jua lilikuwa kali na vyungu vilikauka vyema. Simdharau fundi hata chembe, maana uzoefu wake ni hazina. Lakini nashikilia kwamba ananyimwa elimu iliyo haki yake, nayo ni elimu ya kujaribu kwa mpango na kupima matokeo kwa takwimu.

Mnamo mwaka 1953 kiwanda cha vigae cha Ina Seito, huko Japani, kilikuwa na mashaka ya namna hiyo. Vigae viliingia tanurini vikiwa sawa, vikatoka vimehitilafiana kwa ukubwa, kwa kuwa vya pembeni na vya katikati havikupata moto uliolingana, na kulijenga tanuri upya kungegharimu fedha nyingi mno. Wahandisi wakachagua mambo saba ya mchanganyiko, wakayapanga kwa utaratibu anaosifika nao Genichi Taguchi, hata wakayajaribu yote kwa michanganyiko 8 tu, ambapo kupitia kila mseto kungedai 128. Hesabu zikabainisha kwamba kuongeza chokaa, kutoka sehemu 1 katika mia hadi 5, kulipunguza sana hitilafu ile, na tanuri likabaki vilevile lilivyokuwa.

Asili ya elimu hii ni shambani. R. A. Fisher, aliyeingia kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, alifundisha kupanga majaribio kwa kura, kuyarudia, na kubadilisha mambo kadhaa kwa pamoja.

Hili la mwisho huwatia wengi shaka, nalo ndilo lenye manufaa makubwa. Tuseme fundi wetu ana mambo matatu: kiasi cha pumba za mpunga katika udongo, namna ya kuanika, na ukali wa moto. Akiweka kila moja katika hali mbili, anapata miseto 8. Huenda pumba nyingi zikakifaa chungu kilichoanikwa kivulini taratibu, na zikakidhuru kilichoharakishwa juani. Abadilishaye jambo moja moja aweza asilijue hilo abadan. Apige kura ya mchomo upi utangulie na chungu kipi kikae wapi tanurini, ahesabu vilivyopasuka, aandike daftarini; kisha airudie michomo yenyewe, kwani vyungu kumi vya mchomo mmoja vimeonja moto mmoja, na wingi wake hauthibitishi neno juu ya moto.

Kazi hii yataka daftari, subira, na mtu wa kumwelekeza fundi katika hesabu. Hapa Tanzania shirika la SIDO liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na vyuo vya ufundi tunavyo. Basi nawasihi wakuu wa SIDO na wa vyuo hivyo waiingize elimu hii katika mafunzo yao, wakianzia na wafinyanzi, ambao hasara yao huonekana kila tanuri lifunguliwapo.