Kutoa ni Moyo: Maji ya Nyambene

Sisi watu wa pwani tunaijua Meru kwa jani moja. Gari za miraa zikiwasili Mombasa na Malindi, utawaona watu wamekwisha kukaa mkao wa kungoja, na mabunda yakifunguliwa katika majani ya mgomba bado yana ubaridi wa mlimani. Siandiki leo kuihukumu miraa wala walaji wake. Hilo masheikh wamelisema na wataendelea kulisema. Naandika juu ya kitu kingine kitokacho katika milima hiyo hiyo ya Nyambene, ambacho sisi hatukijui kwa kuwa hakisafiri kuja kwetu. Nacho ni maji.

Nilikwenda Maua kumzuru rafiki yangu wa zamani, Mmeru tuliyefanya naye kazi Mombasa. Nilipotaka kutawadha kwa ajili ya alasiri, mkewe alinionyesha bomba uani, akasema, "Tumia tu, baba, hayo ni maji ya Mukiri." Nikadhani Mukiri ni jina la mto. Baada ya sala nikauliza, nikaambiwa kuwa ni jina la mtu.

Jina lake hasa ni Giuseppe Argese, Mtaliana, bruda wa shirika la Consolata, lile lililoanzishwa Torino mwaka 1901 na padri Giuseppe Allamano, ambaye Papa Francis alimtangaza kuwa mtakatifu Oktoba 2024. Wameru walimwita Mukiri, maana yake mtu aliye kimya, kwa sababu alikuwa hasemi sana, anafanya. Alianza kwa haja ndogo. Pale Tuuru palikuwa na makao ya watoto walemavu, wengi wao wameathiriwa na polio, na maji hayakuwapo. Yeye akaingia msituni kuyatafuta.

Msitu wa Nyambene hunasa ukungu. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi, hizo kusi na kaskazi tuzijuazo sisi, hupanda na unyevu wake mpaka juu ya mlima. Mawingu yakagota penye miti, yakaacha matone katika majani na magome, na matone yakazama ardhini. Bruda huyu akachimba njia ndani ya mlima kuyakusanya matone hayo, kisha akayateremsha kwa mabomba hadi nyanda kavu za chini. Kazi ile ikaendelea mwaka baada ya mwaka, hata mabomba yakawa ya mamia ya kilomita, na wanywaji wakapita laki mbili. Mwenyewe alikuwa ameweka nadhiri ya ufukara: asiwe na shamba, asiwe na nyumba, asiwe na mke wala wa kumrithi.

Hapa msomaji wangu ataniuliza: je, utawa si jambo lisilokuwa letu? Ni kweli. Surat al-Hadid imeutaja kuwa ni jambo walilolizua wenyewe, hawakuandikiwa. Dini yetu yataka mtu aoe, azae, afanye biashara na atoe zaka. Na asiye na mali atatoa zaka ya nini? Lakini Qur'ani hiyo hiyo, katika Surat al-Maida, imewataja mapadri na watawa wa Kinasara kwa jema, kwamba hawatakabari. Basi tusione haya kulisema jema tunapoliona. Mwalimu wangu wa chuoni alitufunza kuwa zuhudi si mkono mtupu, bali ni moyo usiofungwa na kilichomo mkononi.

Nilipokuwa njiani kurudi nilipitia Embu, ambako wamisionari wa Kianglikana walifungua kituo cha Kigari mwaka 1910. Huko kuna wazee wa Uamsho, ule uliotoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930. Desturi yao ni kwamba mtu akiokoka huungama mbele ya wenziwe, na alichoiba hukirudisha kwa mwenyewe. Nasi tunajua kuwa toba ya haki ya mja haitimii mpaka haki irudi.

Lakini si kila kujitoa ni kwema. Katika pande hizo hizo za Meru, Tharaka na Embu wako wanaoitwa Kavonokia, ambao kwa imani yao hukataa dawa za hospitali, na mara kadhaa serikali imelazimika kuingilia kati ili watoto wachanjwe. Na kwetu pwani, nani amesahau Shakahola? Mwaka 2023 ilidhihirika kuwa watu waliacha kazi na kuuza mali zao, wakaingia msitu ule wa Kilifi kufunga hadi kufa ili wakutane na Bwana wao. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na watoto wengi walikuwamo.

Mukiri aliiacha dunia, na wa Shakahola waliiacha dunia. Wapi basi pa kupambanua? Mimi naona mizani ni moja: tusitazame mtu ameacha nini, tutazame nani amenufaika. Kujinyima kwa mmoja kulinywesha maelfu. Kujinyima kwa wengine kuliwaua hata wasio na hiari, watoto waliobebwa mgongoni.

Wala mali yenyewe si ya kutegemewa. Uingereza ilipoipiga marufuku miraa mwaka 2014, na Somalia ilipoizuia kati ya 2020 na 2022, waliokuwa matajiri wa Nyambene walilala nazo wakaamka hawana. Maji ya mlimani hayakuzuiwa na serikali yoyote.

Sasa turudi nyumbani. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya Mtaliana yeyote. Walichimba visima penye misikiti, wakaweka wakfu nyumba na mashamba kwa ajili ya mayatima na wasafiri, na Kenya ina sheria ya wakfu tangu 1951. Leo ni visima vingapi vimefukiwa? Ni nyumba ngapi za wakfu ambazo wajukuu wanazigombania kortini, huku kodi yake haimfikii yatima? Tunasoma kuwa sadaka yenye kuendelea haikatiki kwa mauti, kisha tunaikata kwa mikono yetu wenyewe.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi nilitawadha kwa maji ya mtu asiyekuwa wa dini yangu, na sala yangu ikasihi. Natamani siku moja Mmeru mgeni afike kwetu ana kiu, aonyeshwe kisima, aambiwe: kunywa tu, haya ni maji ya wakfu.