Mwenye Shamba Ajulikane

Shamba la mpunga la Mngeta, hekta 5,818 kati ya milima ya Udzungwa na mto Kilombero, lilianzishwa mwaka 1986 chini ya KOTACO, kampuni ya ubia baina ya Tanzania na Korea Kaskazini. Mapema miaka ya 1990 Wakorea wakaondoka. Shamba likabaki kwa RUBADA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975 kuendeleza bonde la mto Rufiji na mito inayoulisha. Mwaka 2008 RUBADA iliingia ubia na Agrica, kampuni kutoka Uingereza, na hapo ikazaliwa Kilombero Plantations Limited, KPL. Norfund, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Norway, ukatia fedha. Baadaye RUBADA yenyewe ikafutwa, na kufikia mwaka 2019 KPL nayo ilikuwa imeelemewa na madeni na kuwekwa chini ya mufilisi.

Hiyo ni miaka 33 tu. Mtoto aliyezaliwa Mngeta mwaka wa kwanza wa shamba hilo alikuwa hajatimiza miaka 35 mwenye shamba wa mwisho kati ya hao alipoanguka. Tunauliza swali moja, na tunaliuliza kwa ofisi zenye wajibu wa kulijibu: kila aliyeondoka alimwachia nini kwa maandishi aliyeingia kuhusu ahadi zilizotolewa kwa vijiji, na nakala ya maandishi hayo iko katika masijala ya kijiji gani?

Tuanze na kipindi ambacho wengi hukipita haraka, yaani miaka ipatayo 15 kati ya kuondoka kwa Wakorea na kuja kwa Agrica. Ardhi ya mbuga inayopata maji ya mlima na kupitiwa na reli ya TAZARA haiwezi kukaa bure huku watu wakitafuta pa kulima. Wakulima waliingia. Wakafyeka, wakapanda, wakajenga, wakalea watoto. Hawakuingia usiku. Waliingia mchana, msimu baada ya msimu, na mamlaka iliyokabidhiwa shamba ilikuwapo na ofisi zake. Mwekezaji alipopatikana, watu hao wakageuka wavamizi kwa siku moja. Sisi hatusemi kwamba kukaa mahali ni hati. Tunasema kwamba mtunzaji wa mali ya umma ana njia mbili tu: ailinde, au awagawie watu kwa utaratibu unaojulikana. Kunyamaza miaka yote hiyo kisha kuamka na ramani mkononi ni utoro kazini.

KPL ilipoingia, watu walihesabiwa, mazao yakathaminiwa, wengine wakahamishwa na kujengewa nyumba. Mwaka 2015 taasisi ya Oakland Institute ya Marekani ilichapisha taarifa yenye malalamiko mazito ya wakulima juu ya fidia na maeneo waliyopewa. Agrica iliyapinga. Kesi hiyo hatuiamui hapa. Lakini hata anayeamini kila neno la kampuni anapaswa kukiri kwamba ahadi zilikuwapo: maeneo mbadala, ajira, na mafunzo ya kilimo shadidi, ambamo mkulima huchukua mche mchanga wa siku 8 hadi 12 na kuupanda mmoja mmoja kwa kamba, sentimita 25 kwa 25, badala ya kurundika miche mitano shimo moja kama alivyozoea. Kilimo hicho kilileta mavuno, hilo halina ubishi. Kilihitaji pia mbegu, mbolea na mikono ya kupalilia, na wapo waliokopa ili kuvipata.

Kisha mwaka 2013 serikali iliruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru, na bei ya mpunga ikaporomoka. Kampuni iliumia na ikalalamika kwa sauti kubwa, kwa haki kabisa. Mkulima wa ekari mbili aliumia vilevile, ila yeye hana wakili na wadai wake wako mtaa wa pili. Mwekezaji akifilisika, sheria inampa msimamizi, inapanga foleni ya wadai na kumpigia hesabu kila mwenye dhamana. Kijiji kilichotoa eneo kwa kuahidiwa hakimo kwenye foleni hiyo.

Chimbuko la udhaifu huu ni la zamani. Amri ya Kaiser ya Novemba 1895 ilitangaza kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni ya Dola ya Ujerumani, na mwamuzi wa nani ni mwenyewe akawa Mjerumani huyohuyo. Waingereza wakaja na sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923, ardhi yote ikawa chini ya Gavana. Mwaka 1963 Jamhuri changa iliondoa umiliki huria uliorithiwa kwa wakoloni na kuufanya upangaji wa muda, na mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi. Ilikuwa hatua ya heshima. Ndiyo maana Kilombero haina bwana mkubwa anayeweza kumrithisha mwanawe bonde. Lakini kiti cha Gavana hakikuvunjwa, kilipata mkaaji mwingine. Tume ya Rais ya Masuala ya Ardhi chini ya Profesa Issa Shivji, iliyoteuliwa mwaka 1991, ilipendekeza mamlaka ya juu ya ardhi ya vijiji yatolewe kwa serikali kuu na kuwekwa kwa mikutano mikuu ya vijiji yenyewe. Pendekezo hilo lilikataliwa. Sheria za mwaka 1999, Namba 4 na Namba 5, zikaacha ardhi yote mikononi mwa Rais, akiwa mdhamini kwa niaba ya raia.

Basi na iwe hivyo. Aliyekubali kuwa mdhamini amekubali pia kuulizwa. Mdhamini hatakiwi kuwaambia wenye mali kwamba mali yao iko kwa fulani, kisha fulani akibadilika asiwaambie.

Na hapa kuna jambo ambalo wananchi wengi wa bonde la Kilombero hawajaelezwa. Shamba linaweza kupata mwenyewe mpya bila karatasi hata moja kuguswa katika ofisi ya ardhi. Hati iko kwa jina la kampuni. Kinachouzwa ni hisa za kampuni, na huuzwa huko mbali. Kiwanda cha Sukari cha Kilombero, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa mitaji ya nje, kikataifishwa, kikabinafsishwa mwaka 1998 kwa Illovo ya Afrika Kusini na mshirika wake, serikali ikibaki na asilimia 25. Mwaka 2006 Associated British Foods ya London ilinunua zaidi ya nusu ya Illovo, na mwaka 2016 ikamaliza hisa zilizobaki. Mkulima wa miwa wa Msolwa au Ruembe aliendelea kupeleka miwa kwenye mzani uleule na kubishana juu ya kiwango kilekile cha sukari, ilhali neno la mwisho lilishahamia London. Mashamba ya misaji ya Kilombero Valley Teak Company, yaliyoanzishwa mwaka 1992 na shirika la Uingereza la CDC, nayo yamepita kwa wenye mitaji wengine, jina kwenye lango likiwa lilelile.

Tuwe waadilifu: kwenye miwa wakulima angalau wana vyama, wana mikataba ya kuuza miwa, na kiwanda hakiwezi kwenda bila miwa yao. Mwenye kiwanda akibadilika, mkataba unabaki na kuna mtu wa kuushika. Huko Mngeta, mkulima alikuwa na nini cha kushika?

Wanaodhani uwazi huu ni ndoto watazame Scotland, nchi ambayo ardhi yake imelimbikizwa kwa watu wachache kuliko karibu nchi yoyote ya Ulaya. Kisiwa cha Eigg kilikuwa cha ukoo wa Clanranald kwa karne nyingi, kikauzwa katika karne ya 19, kikaendelea kuuzwa kwa tajiri huyu na yule pamoja na watu waliokuwa wakiishi juu yake, hadi Juni 1997 wakaazi wenyewe walipokinunua kupitia dhamana yao. Bunge la huko likatunga sheria ya mageuzi ya ardhi mwaka 2003, na tangu Aprili 2022 liko daftari la umma la kumtaja mtu mwenye kauli halisi juu ya ardhi, hata kama hati ina jina la kampuni au mdhamini. Sisi tusiokuwa na mabwana wa ardhi tunawazidi kwa usiri. Sheria yetu tayari inaitaka kila kampuni iwasilishe kwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, majina ya wamiliki manufaa wake. Lakini taarifa hizo zimewekwa zaidi kwa ajili ya mamlaka, na mtendaji wa kijiji cha Mkangawalo, jirani na shamba la Mngeta, hana dirisha la kuzisoma.

Kwa hiyo tunasema bila kupinda. Wizara ya Ardhi isikubali uhamisho wa shamba lolote kubwa katika bonde hili, uwe wa hati au wa hisa, kabla ahadi zilizotolewa kwa vijiji hazijaandikwa kama sharti la hati na kumfunga anayeingia. Kama sheria ya sasa haifiki kwenye hisa, basi Wizara ina wajibu wa kupeleka marekebisho bungeni. Halmashauri za Ifakara na Mlimba zitunze orodha ya kila shamba kubwa: mwenyewe ni nani, masharti ni yapi, muda umebaki miaka mingapi, kodi ya pango imelipwa au haijalipwa. Afisa ardhi asiyeweza kuyajibu maswali hayo manne kwa mwananchi aliyesimama dirishani kwake hajafanya kazi anayolipwa.

Vijiji navyo visijifiche nyuma ya unyonge. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inataka uhamisho wa ardhi ya kijiji wa hadi hekta 250 uidhinishwe na mkutano mkuu wa kijiji, na hata ule unaozidi hapo usipite bila mkutano huo kutoa maoni yake. Inakataza pia uhamisho kukamilika kabla halmashauri ya kijiji na Kamishna wa Ardhi hawajakubaliana juu ya fidia. Ulinzi huo huvunjwa na mwenyekiti anayegonga muhuri nyumbani kwake jioni, na muhtasari wenye saini za watu ambao hawakuhudhuria. Kati ya mwaka 2016 na 2019, programu ya umilikishaji ardhi ilipima vijiji vya Kilombero, Ulanga na Malinyi na kutoa hatimiliki za kimila kwa maelfu ya wakulima. Masijala zipo, kabati za chuma zipo. Daftari la wawekezaji likae humohumo, kando ya hati za wanakijiji, na mwanakijiji yeyote aruhusiwe kulifungua saa za kazi.

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Katika mkutano unaofuata, Mkurugenzi wa Halmashauri ya Mlimba afike Mngeta yeye mwenyewe, si kwa barua, awasomee wananchi jina la anayeshika shamba la hekta 5,818 na masharti aliyopewa, kisha akae ajibu maswali mpaka yaishe.