Sauti ya bibi iko folda gani?

Haya jamaa, wiki hii tuache kidogo ule ubishi wa "wewe Mwomani au Mzanzibari". Nina jambo la kompyuta.

Bibi yangu alikaa Ibra, na kuandika hakutaka. Salamu, mapishi, magomvi, yote kwa sauti ya WhatsApp, kwa Kiswahili cha Unguja alichokuja nacho. Alipofariki, khalati akanipa diski yenye nakala za simu tatu: yake, ya mjomba wa Nizwa, na yangu ya zamani.

Sasa tafuta! Kwenye Android, WhatsApp huziweka sauti kwa wiki, kila wiki folda yake, kama 201834. Miaka sita, simu tatu: karibu folda 900. Usiku wa kwanza nilifungua moja moja. Nilifika ya 40, nikalia, nikalala. Na kazini PowerShell naitumia kila siku!

Sauti hizo zote huishia na .opus. Basi:

Get-ChildItem D:\ -Recurse -File -Filter *.opus

Recurse inaingia kila folda na zilizomo ndani yake. File inaleta faili tu. Filter inachuja mapema, ndiyo maana ina kasi, ila inakubali aina moja tu. Ukitaka na zile .amr za simu za zamani, badala yake weka -Include *.opus,*.amr na usubiri kidogo.

Kuzikusanya pamoja:

Get-ChildItem D:\khalati -Recurse -File -Filter *.opus | Copy-Item -Destination E:\sauti\khalati

Hapa tahadhari mbili. Folda ya kupokea itengeneze kwanza. Isipokuwepo, zote zinaandikwa juu ya faili moja, unabaki na ya mwisho tu. Na kila simu ipe folda yake. Jina kama PTT-20180823-WA0002 linaweza kuwemo kwenye simu mbili, na Copy-Item haiulizi, inaweka moja juu ya nyingine. Diski ya asili msiifute mpaka mmesikiliza.

Nimeipata ile ya mkate wa kumimina. Katikati anamgombeza paka, halafu anarudi kwenye tui la nazi kama hakuna kilichotokea.

Nimempelekea khalati. Hajajibu, lakini alama mbili zimeshakuwa buluu.

Mkikwama, niandikieni.